Nitie Upande wa Kavata

Jumapili ya tatu baada ya kumzika binti yake, Ndinda alitoka kwenye mstari wa kwaya, akasogea mbele hatua mbili, akaanza wimbo ambao hakuna mtu katika kanisa lile aliyewahi kuusikia. Hata wanakwaya wenyewe hawakuujua. Walikuwa wamefanya mazoezi ya wimbo wa mavuno, ingawa mwaka ule wa 1984 hapakuwa na mavuno yoyote, na wenzake wote ishirini na mmoja walikuwa wamevuta pumzi tayari kuitikia. Pumzi ile ikabaki vifuani.

Kanisa lilikuwa la mabati, juu kidogo ya soko la Matiliku. Ndinda alikuwa mwalimu wa kwaya kwa miaka kumi na minne. Nyimbo zake ziliimbwa hadi Kibwezi na Kabati, na watu wasiomjua walidhani zimetoka kitabuni. Zote zilikuwa za shukrani: kwa mvua, kwa mifugo, kwa watoto waliopita mtihani. Huu haukuwa wa namna hiyo. Aliuimba polepole, kwa Kikamba, mikono ikining'inia tu ubavuni, na maneno yake yalisema hivi:

Ewe uliyewasha moto ule,
nionyeshe mlango wake.
Mbingu yako ni nzuri, nimeiimba tangu utotoni,
lakini mwanangu hayuko. Nitakaa na nani?

Nilikupenda nikiwa msichana,
nilikupenda nikiwa na mimba yake.
Leo nakuchukia, nakwambia usoni,
kwa mdomo uleule niliokusifia.

Nihukumu basi. Nitie motoni na chuki yangu,
ila unitie upande wa Kavata.
Nitamfunika kwa leso yangu,
moto utawaka juu yetu, wala hatutateketea.

Siku utakayopita kutazama kazi yako
utaona mama na mwana katikati ya moto,
nawe utavua viatu vyako, Bwana,
kwa maana mahali hapo patakuwa patakatifu.

Alipourudia ubeti wa mwisho, wanaume wa sauti ya nne, waliosimama nyuma kabisa, walianza kuvuma chini yake. Hakuna aliyewaambia. Baadaye kila mmoja aliapa kwamba si yeye aliyeanza.

Wimbo ulipokwisha hakuna aliyesema amina. Mabati yalikuwa yakilia kwa joto, na hiyo ndiyo sauti pekee iliyosikika. Mchungaji Mutiso, kijana wa miaka thelathini na mmoja, alikuwa na mahubiri yake yameandikwa vizuri kwenye karatasi tatu. Alifungua Biblia, akaifunga, akasema, "Tuombe." Watu wakainamisha vichwa, wakangoja. Maombi hayakuja. Walikaa hivyo wamefumba macho mpaka mzee mmoja akakohoa, na kwa kukohoa huko wakajua ibada imekwisha.

*

Kila aliyekuwamo alijua sababu.

Katika kanisa lile mtu akikutwa na kosa aliwekwa chini ya nidhamu. Alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, hakushiriki meza ya Bwana, hakuimba, na hakuna aliyemwita ndugu. Adhabu ilikuwa na mwisho wake: alisimama mbele ya watu siku aliyopangiwa, akalitaja kosa lake, akatubu, akapewa mkono. Kavata alikutwa na mimba akiwa na miaka kumi na tisa. Alikaa benchi lile miezi mitano, tumbo likikua mbele ya macho ya watu wote. Siku yake ya kutubu ilipangwa mwezi wa sita, ikaahirishwa kwa sababu wazee walikuwa na shughuli ya kugawa mahindi ya msaada. Ikapangwa tena mwezi wa saba, ikaahirishwa tena. Mwishowe wakamwambia Jumapili ya kwanza ya Agosti.

Uchungu ulimshika Alhamisi. Alitokwa na damu juu ya mkokoteni wa punda, akafa kabla ya kufika hospitali, na mtoto aliyezaliwa njiani akamfuata kabla ya jua kutua. Siku tatu zilikuwa zimebaki.

Aliyekufa chini ya nidhamu alihesabiwa kuwa wa motoni, na hakuzikwa na kanisa. Hakukuwa na kwaya, hakukuwa na mchungaji. Muthama, baba yake, alichimba kaburi pamoja na majirani wawili, na wakati wa kufukia walitazamana, kila mmoja akingoja mwenzake aseme neno, kisha wakachukua majembe.

*

"Umemwambia Mungu kwamba unamchukia," Muthama alisema.

Alikuwa ameketi mbele ya cherehani yake, kitambaa chini ya sindano, lakini miguu haikuwa ikikanyaga. Alikuwa fundi wa nguo na mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache.

"Nimemwambia," Ndinda akajibu kutoka mlangoni. Alikuwa akipepeta mahindi ya njano kutoa wadudu.

"Mbele ya watu."

"Kwani nimwambie kwa siri kama mwizi? Alikuwa anajua tayari."

Muthama aligeuza gurudumu la cherehani kwa mkono, mara moja, likasimama. Alikuwa na hofu, hofu ya mtu aliyeketi karibu na radi. Lakini lilikuwapo jambo jingine lililomsumbua zaidi ya hofu, na halikumpa nafasi ya kukasirika.

"Na hiyo ya viatu," aliuliza, akishusha sauti ingawa walikuwa peke yao, "hiyo uliitoa wapi?"

Ndinda aliweka ungo chini. "Sijui, Baba Kavata. Nilikuwa nimekaa hapahapa, napepeta. Ilikuja yenyewe, na mimi nikaogopa kuigusa."

Muthama aliutazama mkono wake. Vinyweleo vilikuwa vimesimama. Aliufunika kwa mkono mwingine kana kwamba ni aibu.

*

Siku ya Jumanne alikuja Mzee Ndululu, mwenyekiti wa wazee. Alikataa chai, jambo ambalo mtu wa Matiliku hulifanya akiwa amekuja na ubaya.

"Dada katika Bwana," akamwambia Ndinda, "kuanzia leo uko chini ya nidhamu. Nimetumwa yunifomu."

Ndinda aliingia ndani, akaitoa ikiwa imekunjwa. Ilikuwa gauni la kijani lenye kola nyeupe, na Muthama ndiye aliyelishona, kama alivyoshona zote ishirini na mbili. Mzee Ndululu hakuipokea. Aliinyooshea kidole.

"Mpe fundi. Nthenya ndiye atachukua nafasi yako, na yeye ni mwembamba. Fundi, utapunguza hapa kiunoni. Tunaitaka kabla ya Jumapili."

Muthama angeweza kukataa. Jioni ile alijiambia hivyo mara nyingi. Lakini mkono wa fundi una mazoea yake. Alijikuta ameshaweka pini mdomoni, ameshafumua mshono aliokuwa ameupima kwenye kiuno cha mke wake mwenyewe. Ndinda alisimama kando, akamshikia taa ya kibatari ilipoingia giza.

Nthenya alikuja kuchukua gauni kesho yake. Alikuwa msichana mwenye sauti nyembamba nzuri, na hakuthubutu kuinua macho. Alilipokea kwa mikono miwili, akaaga, akafika hadi kwenye lango la miiba, akarudi.

"Mwalimu."

"Sema."

"Ule ubeti wa tatu... unaanza juu au chini?"

Ndinda alimtazama. "Chini. Ukianza juu, utafika motoni umechoka."

Nthenya akaziba mdomo kwa kola nyeupe ili asicheke, kisha akaona hakuna anayecheka, akaondoka mbio.

*

Mto ulikuwa umekauka tangu mwaka uliotangulia. Wanawake walichimba visima mchangani, wakangoja maji yajikusanye, wakateka kwa kibuyu kidogo kidogo. Ilikuwa kazi ya kungoja, na wanaongoja huimba. Alhamisi asubuhi Ndinda aliposhuka na mtungi wake alisikia wimbo wake ukitoka ndani ya mchanga, kwa sababu mwanamke aliyekuwa akiimba alikuwa amezama kisimani hadi mabega. Walipomwona wakanyamaza wote.

Wakateka, wakaondoka mmoja mmoja, wakimsalimu kwa haraka. Akabaki Susu Kalunde, bibi wa miaka sabini na kitu, ambaye mtungi wake ulikuwa umejaa zamani.

"Ni wewe ulimwimbia Mungu vibaya?"

"Ni mimi, Susu."

"Rudia. Siku ile masikio yangu yaliingiwa na hofu, sikusikia yote."

Ndinda akaimba, kwa sauti ya kawaida, akiendelea kuteka. Kalunde alisikiliza akitazama ng'ambo ya mto.

"Huko ulikomtia Kavata," akauliza, "kuna nafasi?"

"Nafasi ya nani?"

"Musembi wangu." Alilitamka jina kama mtu anayejaribu jino bovu kwa ulimi. "Hukumjua, ulikuwa hujaolewa huku. Alijitia kitanzi mwaka wa sitini na moja. Wakamzika mpakani kama mbwa. Tangu siku ile sijataja jina lake kanisani, mwanangu. Nakaa benchi la mbele. Napewa kikombe cha Bwana, na kila nikimeza najiuliza kama yeye huko ana kiu."

Kibuyu kilikuwa kimejaa. Ndinda hakukiinua. Alikuwa ametunga wimbo kwa ajili ya mtu mmoja, na hakuwahi kufikiri kwamba mlango alioutaka ulikuwa na foleni.

Aliuimba ubeti wa tatu upya: nitie upande wa Musembi. Bibi yule alivua akala zake za mpira wa tairi moja baada ya nyingine, akaziweka kando kwa adabu, akakaa kwenye mchanga uliokuwa bado baridi, miguu yake mikavu imenyooshwa mbele. Hakulia. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeitwa kwa jina kutoka mbali.

Kufikia Ijumaa jioni wanawake tisa walikuwa wamefika nyumbani kwa fundi. Kila mmoja alikuwa na kisingizio: chumvi, moto wa kuwashia jiko, pindo la sketi. Kila mmoja aliondoka akiwa ameacha jina. Mmoja aliacha jina la mume aliyefia baa. Mmoja aliwaacha watoto wawili waliokufa kabla ya kubatizwa, ambao hawakuwa na majina, naye akaomba tu waimbwe kama "wale wadogo." Muthama alisikia yote kutoka kwenye cherehani yake. Alikuwa amekaa kanisani na watu hawa maisha yake yote, akiwahesabu kuwa watu wenye furaha.

*

Jumamosi Ndinda aliitwa kwenye ofisi ya kanisa. Mzee Ndululu alikaa katikati, wazee wawili kushoto, Mchungaji Mutiso kulia. Muthama, ambaye kwa kawaida alikuwa na kiti chake meza ileile, aliwekewa kiti karibu na mlango.

"Dada," Mzee Ndululu alianza, "hatukukuita ili tukuhukumu."

"Basi wacha nirudi nyumbani, niko na kazi."

Mzee mmoja alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

"Hii wimbo yako imekuwa ugonjwa," Ndululu akasema. "Jana nimesikia watoto wa shule wakiimba. Mungu avue viatu! Mungu, mbele ya nani?"

"Mimi niliimba tu, Mzee. Yeye akipita atajiamulia."

Mchungaji Mutiso aliinama. Jumatatu asubuhi alikuwa amefungua kitabu cha Kutoka, pale Musa anapokiona kijiti kinachowaka bila kuteketea. Alikuwa amepasoma mara mia. Lakini mara hii, alipofika kwenye viatu, alishtuka kuona amekwisha kuvua kimoja cha kwake. Hakumwambia mtu. Tangu siku ile alikuwa akijiuliza, na hakuna chuo kilichomfundisha jibu, kama moto ule na moto wa jehanamu ni miwili au ni mmoja.

"Mama," akasema kwa upole, "kuna faraja. Yule mtoto mchanga hakuwa na hatia. Huyo yuko mbinguni. Hilo hakuna anayelibisha."

"Na mama yake?"

Mchungaji akamtazama Mzee Ndululu.

"Nauliza kwa sababu mimi ni mzazi," Ndinda akasema. "Huyo mtoto aliye mbinguni, nani anamnyonyesha?"

Mzee aliyekuwa amecheka aliondoa kofia yake mezani, akaishika magotini. Mchungaji aliandika neno kwenye karatasi, akalikata. Nje, mbuzi alikuwa akijikuna kwenye ukuta.

Ndululu ndiye aliyezungumza kwanza. "Sikiliza. Kanisa lina huruma. Kesho simama, uombe msamaha kwa maneno tutakayokuandikia. Ukifanya hivyo, mchana uleule tutakuja wote kaburini. Kwaya, wazee, mchungaji na vazi lake. Maombi yatafanywa, na jina la msichana litasomwa kama la mshirika."

Pale karibu na mlango, Muthama alifunika uso kwa mikono miwili.

Walitoka, wakavuka barabara kurudi nyumbani.

"Mimi niliinua mkono," Muthama akasema.

"Wapi?"

"Siku ile ya kumweka chini ya nidhamu. Waliuliza nani anakubali. Mimi, baba yake, nikainua mkono wa kwanza kabisa, ndio wasiseme napendelea wangu." Alisimama njiani. "Mama Kavata, nipatie hayo maombi. Wimbo umeshaenda, hakuna mtu anaweza kuurudisha, hata wewe. Wape hayo maneno yao. Mimi siwezi kupita kando ya hilo kaburi namna lilivyo. Sitakuomba kitu kingine mpaka nife."

Ndinda alimtazama mtu huyu aliyeishi naye miaka ishirini na mmoja. Hakuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa wakati mmoja.

"Nitasimama," akasema.

"Utasoma?"

"Nitasoma."

*

Jumapili ile kanisa halikutosha. Wakatoliki walikuja. Walevi wa sokoni walikuja, wakasimama nje ya madirisha wamevua kofia. Watu waliotembea tangu alfajiri walikaa chini ya kivuli cha ukuta, na ajabu ni kwamba umati wote ule haukuwa na kelele. Hata kina mama waliobeba watoto walikuwa wakiyumba taratibu bila kunong'ona. Susu Kalunde alikaa benchi lake la mbele. Nthenya alisimama kwenye kwaya, gauni likimkaa vizuri, uso umekauka.

Mzee Ndululu alimpa Ndinda karatasi. Hakuwa ameionyesha kabla. Ndinda aliishika mbali kidogo na macho, kama wasomavyo watu wa umri wake, akaanza.

"Mimi, Ndinda, mke wa Muthama, naomba msamaha kwa Mungu na kwa kanisa kwa wimbo nilioimba."

Sauti yake haikutetemeka. Aibu ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa yake peke yake, na alikuwa ameshaamua kuibeba.

"Naomba msamaha kwa kusema kwamba namchukia Mungu."

Muthama, kwenye kiti chake, alikuwa akisogeza midomo pamoja naye.

"Nakiri kwamba binti yangu Kavata..."

Macho yake yalikwenda hadi mwisho wa mstari, yakarudi mwanzo. Watu wakangoja. Wachache walidhani machozi yamemzuia kusoma.

"Baba Kavata," akaita, kama vile wako jikoni kwao, "umesoma hii?"

Muthama akasimama. "Sijasoma. Inasema nini?"

"Inasema Kavata alikataa kutubu."

Mtu mmoja dirishani alishusha pumzi kwa sauti. Mzee Ndululu alikuwa akitazama mabati. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: kama msichana alikataa, basi hakuna aliyemchelewesha, na hakuna atakayeulizwa kuhusu mwezi wa sita wala mwezi wa saba.

Muthama alishika mgongo wa benchi lililo mbele yake. Kila mtu aliona alivyokuwa akihangaika. Mchana ule, saa chache tu mbele, kulikuwa na kwaya na maombi na jina kusomwa, na alichohitaji kufanya ni kukaa chini.

"Alikuwa tayari," akasema. "Nilimsikia jikoni akijifunza maneno yake. Kila asubuhi. Alikuwa anaogopa kusahau."

Hakukaa.

"Mama," Mchungaji Mutiso akasema haraka, karibu kwa kusihi, "ruka hiyo. Ruka hiyo sentensi moja, umalizie. Mchana tutakuja, nakuahidi."

"Hairukwi," Mzee Ndululu akasema. "Ni msamaha mzima au hakuna."

Ndinda aliikunja karatasi mara mbili, kama anavyokunja mtu kitambaa ambacho si chake. Akaiweka juu ya meza ya Bwana. Aliyatazama mabenchi, mlango, madirisha yaliyojaa vichwa, kisha akamtazama mume wake, ambaye bado alikuwa amesimama.

"Hata yale maneno mawili niliyokwisha kusoma, nimeyarudisha," akasema. "Siombi msamaha."